UZI: "Hollywood (Africa)" ya Red Hot Chili Peppers (1985), singo ya fanki-roki iliyokosa chati

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nyuzi nyingi za muziki humu jukwaani zinahusu nyimbo zilizotamba. Leo naomba tuujadili wimbo ambao haukutamba hata kidogo, nao ni "Hollywood (Africa)" wa Red Hot Chili Peppers. Ulitolewa mwaka 1985 kama singo kutoka albamu yao ya pili, "Freaky Styley", chini ya kampuni ya EMI America. Singo hiyo haikuingia chati, na albamu yenyewe haikupenya hata katika orodha ya albamu 200 ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati. Wengi wanaolifahamu kundi hili huanza kuhesabu mwaka 1991, lilipotoa "Blood Sugar Sex Magik", na huchukulia kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa mazoezi tu ya vijana waliopenda kuvua mashati jukwaani. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Naona kwamba wimbo huu ulikuwa na wazo lililokomaa na wanamuziki wa daraja la juu, ila ulitoka wakati ambapo redio na chati za Marekani hazikuwa na mahali pa kuuweka.

Kwanza tuanze na asili yake, kwa sababu wimbo huu haukuzaliwa Los Angeles. Ulizaliwa New Orleans. Mwaka 1974 kundi la The Meters lilitoa albamu iitwayo "Rejuvenation", waliyoitayarisha pamoja na Allen Toussaint, mtunzi na mtayarishaji wa muziki wa mji huo, na ndani yake mna wimbo unaoitwa "Africa". Wasiowajua The Meters wasidhani walikuwa bendi ndogo ya mtaani. Art Neville kwenye kinanda, Leo Nocentelli kwenye gita, George Porter Jr. kwenye besi na Joseph "Zigaboo" Modeliste kwenye ngoma ndio waliokuwa nguzo ya kazi za Toussaint studioni. Ndio waliopiga nyuma ya mwimbaji Dr. John katika "Right Place, Wrong Time" ya mwaka 1973, na mchango wao umo pia katika "Lady Marmalade" ya Labelle, iliyofika nambari 1 mwaka 1975. Kwa jina lao wenyewe walikuwa wamekwisha kufika nambari 4 katika chati ya muziki wa Wamarekani Weusi mwaka 1969 kwa kipande cha ala kiitwacho "Cissy Strut".

"Africa" yao ni wimbo wa hamu ya kurudi. Anayeimba ni Mmarekani Mweusi anayeliita bara ambalo wazee wake walitolewa kwa nguvu, na anaomba arudishwe huko. Hauna huzuni ya kulialia. Unachezeka kuanzia sekunde za mwanzo. Sikilizeni namna Modeliste anavyopiga: mapigo yake hayakai juu ya mdundo kama misumari, bali yanauzunguka. Huo ni urithi wa maandamano ya New Orleans, ambako bendi ya matarumbeta husindikiza maiti makaburini kwa mwendo wa taratibu, kisha wakati wa kurudi umati unaofuata nyuma huanza kucheza, na miguu huangukia mahali ambapo mguu wa askari wa gwaride usingeangukia kamwe.

Miaka 11 baadaye vijana wanne wa Los Angeles waliuchukua wimbo huo, wakabakiza mwili wake, wakabadilisha mahali panapoimbwa. Palipoitwa Afrika pakaitwa Hollywood. Naomba michango yenu kabla sijaendelea, hasa kutoka kwa wale wanaoujua wimbo wa The Meters.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, ahsante kwa mada. Naujua wimbo wa The Meters na ninaupenda sana, na ndiyo sababu toleo hili la baadaye lilinikera niliposikia kwa mara ya kwanza. Watu Weusi wameandika wimbo kuhusu bara walilonyang'anywa, halafu vijana Weupe wanalifuta jina la Afrika na kuweka jina la mtaa wa wacheza filamu. Kwa maoni yangu huko ni kuutoa wimbo utumbo na kubaki na ngozi. Nieleze ni kwa nini nisiuone hivyo.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na ndiyo iliyonifanya nilete mada hii. Nitakujibu kwa kuanza na nani aliyetoa wazo la kubadilisha jina, kwa sababu si vijana wale.

Mtayarishaji wa "Freaky Styley" alikuwa George Clinton, kiongozi wa bendi za Parliament na Funkadelic, mtu ambaye pamoja na James Brown na Sly Stone ndio waliojenga nyumba nzima ya fanki, ule muziki wa Weusi wa kucheza unaobebwa na besi na ngoma. Vijana hawa walimwomba awatayarishie kazi yao, wakahamia Michigan, wakakaa naye nyumbani kwake shambani, kisha wakarekodi Detroit katika studio ya United Sound Systems, ambamo Funkadelic walikuwa wamerekodi kazi zao nyingi. Mwimbaji Anthony Kiedis ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2004, kwamba kundi lilitaka kuurudia wimbo wa The Meters, na Clinton ndiye aliyependekeza kwamba Kiedis aandike upya maneno ili wimbo uhusu Afrika yao wao, yaani Hollywood.

Tafakari pendekezo hilo linatoka kwa nani. Ni mwanamuziki Mweusi aliyezaliwa mwaka 1941, aliyeanza kuimba na wenzake kwenye saluni ya kunyoa nywele huko Plainfield, New Jersey, na ambaye alifahamu vizuri uzito wa jina la Afrika katika muziki wa watu wake. Mimi naona alifanya mambo mawili kwa sentensi moja. Aliulinda wimbo wa The Meters usiimbwe kwa uongo, kwa sababu kijana Mweupe anayeomba arudishwe kwa mama Afrika angekuwa anaigiza hamu isiyo yake. Papo hapo aliwadai vijana wale kitu kigumu zaidi kuliko kunakili, yaani waseme wao hamu yao iko wapi.

Na hamu hiyo ilikuwepo. Kati ya wanne waliopiga katika wimbo huu, hakuna hata mmoja aliyezaliwa Los Angeles. Kiedis alizaliwa Grand Rapids, Michigan, akahamia Hollywood kwa baba yake mwaka 1974, mwaka uleule The Meters walipotoa "Africa". Mpiga besi, anayejulikana kwa jina la Flea, alizaliwa Melbourne, Australia. Mpiga gita Hillel Slovak alizaliwa Haifa, Israeli. Mpiga ngoma Cliff Martinez alizaliwa New York. Watatu wa kwanza walikutana wakiwa wanafunzi wa shule ya sekondari ya Fairfax. Kwa hiyo The Meters waliimba kuhusu nchi waliyotolewa, na hawa wakaimba kuhusu mahali walipofikia na kupaita kwao. Hizo ni hamu mbili tofauti, lakini zote ni za kweli, na jina la Afrika halikufutwa: limebaki kwenye mabano ya jina la wimbo, na haki ya utunzi imebaki kwa The Meters.

Niongeze jambo la mwaka wenyewe. Mwaka 1985 Afrika ilikuwa juu kabisa katika chati za Marekani, lakini Afrika ya namna gani? Ilikuwa ile ya "We Are the World", iliyorekodiwa Januari 28 mwaka huo kuchangia wenye njaa ya Ethiopia, na kabla yake, Februari 1983, ilikuwa ile ya bendi ya Toto iliyofika nambari 1. Sikatai kwamba michango ile iliokoa watu. Ninachosema ni kwamba msikilizaji wa redio ya Marekani alizoea kusikia Afrika ikiimbwa kama mahali pa kuhurumiwa au pa kuotea ndoto. Red Hot Chili Peppers walirekodi kipindi hichohicho wimbo mwingine uitwao "Millionaires Against Hunger", unaowakosoa matajiri waliokuwa wakipanda majukwaani kwa ajili ya njaa, ingawa haukuwekwa kwenye albamu na ulitoka miaka kadhaa baadaye. Vijana waliokuwa na jicho hilo hawakulitaja jina la Afrika kwa ajili ya pambo.

Mchangiaji wa pili:

Nimefuatilia kwa makini. Mimi hupiga besi katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na ningependa mleta mada atuambie kinachosikika ndani ya wimbo kwa upande wa ala. Umesema wanamuziki wa daraja la juu. Ni akina nani hao, ukiacha wanne wa kundi?

Mleta mada:

Mkuu, swali lako linanipa furaha, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Tuanze na besi. Flea hapigi kwa kukwaruza waya kwa vidole peke yake. Anatumia pembeni ya kidole gumba kuugonga waya mnene pale shingo ya gita inapokutana na mwili, kwa nguvu ya kutosha waya ugonge vyuma vya shingo na kutoa mlio mkali wa kugonga. Mara hiyohiyo kidole cha shahada kinaingia chini ya waya mwembamba, kinauvuta na kuuachia ujipige wenyewe. Mbinu hii ilitoka kwa Larry Graham wa Sly and the Family Stone. Graham alikuwa akipiga na mama yake, aliyekuwa kwenye kinanda, na walipobaki bila mpiga ngoma aliamua gumba lichukue kazi ya ngoma kubwa na kuvuta waya kuchukue kazi ya ngoma ndogo. Flea aliichukua mbinu hiyo akaiongezea kasi na hasira ya panki, ile roki ya haraka na yenye makelele, kwa kuwa kabla ya hapo alipiga besi katika bendi ya panki ya Fear. Hata hivyo katika "Hollywood (Africa)" amejizuia. Anajua kwamba mstari wa Porter haukuandikwa kwa ajili ya kuonyesha vidole, na anauacha upumue. Kwa kijana wa miaka 22 mwenye uwezo ule, kujizuia namna hiyo si jambo dogo, na nadhani ni mkono wa Clinton.

Slovak naye anastahili kutajwa kwa heshima. Alikuwa amerudi kundini mwaka huohuo akichukua nafasi ya Jack Sherman, aliyepiga katika albamu ya kwanza ya mwaka 1984. Albamu hiyo ya kwanza ilitayarishwa na Andy Gill wa bendi ya Kiingereza ya Gang of Four, na wanakundi wenyewe hawakuridhika nayo kwa sababu sauti ilisafishwa mno hadi nguvu ya jukwaani ikapotea. Ukizisikiliza albamu hizo mbili kwa kufuatana unasikia tofauti mara moja: ya kwanza imekauka, ya pili ina jasho. Slovak anapiga vipande vifupi, vyenye makali, kisha ananyamaza. Wapiga solo wengi wa roki wa wakati ule wasingevumilia kunyamaza namna ile.

Sasa uje kwenye pembe. Sehemu ya vyombo vya kupuliza katika albamu hii ilipigwa na Maceo Parker kwenye saksafoni, Fred Wesley kwenye tromboni na Benny Cowan kwenye tarumbeta. Parker na Wesley ni watu wa James Brown. Wesley alikuwa kiongozi wa bendi yake, na alikuwa naye Kinshasa Septemba 1974, katika tamasha kubwa lililofungamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, ambako Brown alipanda jukwaani mbele ya Wakongo. Kwa hiyo wimbo huu, ambao kwa jina umehamia Hollywood, una pumzi ya mtu aliyepuliza tromboni yake katika ardhi ya Afrika mwaka uleule wimbo wa kwanza ulipotoka. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko maelezo yoyote ya gazeti.

Kisha kuna kwaya. Clinton hakuwaacha wanne waimbe kiitikio peke yao. Aliwapanga waitikiaji kwa desturi ya Parliament, sauti nyingi kwa pamoja, nzito na nyepesi, kama watu waliojikusanya chumba kimoja na kila mmoja akaachwa na lafudhi yake. Sauti ya Clinton mwenyewe imo. Mpiga dansi wa kwetu ataelewa upesi kazi ya waitikiaji wa namna hiyo, kwa kuwa wimbo wetu pia hauinuki mpaka kiitikio kiingie.

Mchangiaji wa tatu:

Hayo yote ni mazuri, lakini mleta mada anakwepa swali kuu. Kama besi ni nzuri, gita ni zuri, pembe ni za watu wa James Brown na mtayarishaji ni George Clinton, kwa nini watu hawakuununua? Chati haziongopi. Mimi naamini kwamba wimbo mzuri hujiuza wenyewe, na huu haukujiuza kwa sababu mwimbaji hakuwa akijua kuimba.

Mleta mada:

Ndugu, kuhusu mwimbaji nakubaliana nawe kwa sehemu, na nitalisema wazi: mwaka 1985 Kiedis alikuwa mghanaji zaidi kuliko mwimbaji. Alikuwa na kasi ya maneno na nguvu, lakini palipohitaji kushika noti ndefu alitetereka, na katika wimbo uliotoka kwa The Meters udhaifu huo unajitokeza. Pia albamu yenyewe ina nyimbo ambazo majina na maneno yake hakuna kituo cha redio ambacho kingethubutu kuyatangaza mchana. Tena dawa za kulevya zilikuwa nyingi katika kipindi kile cha kurekodi, jambo ambalo Kiedis na Clinton wote wamelieleza katika vitabu vyao bila kuficha. Haya yote yana sehemu yake.

Lakini kwamba chati haziongopi, hapo siwezi kukufuata. Chati za Marekani za wakati ule zilikuwa vyumba vilivyotenganishwa kwa kuta, na mlango wa kila chumba ulishikwa na wakurugenzi wa vipindi vya redio. Kulikuwa na chati kuu ya singo 100, ambayo ilitegemea pamoja na mauzo nyimbo zilizopigwa redioni. Kulikuwa na chati ya singo za Weusi, ambalo ndilo jina rasmi iliyopewa na Billboard mwaka 1982. Kulikuwa na chati ya nyimbo za roki zilizopigwa na vituo vya albamu, iliyoanzishwa mwaka 1981. Wimbo wa fanki unaopigwa na vijana Weupe wenye magita ya panki, ukaongezewa pembe za James Brown, ulipelekwa chumba gani? Vituo vya Weusi viliuona kuwa roki. Vituo vya roki viliuona kuwa fanki, na vituo hivyo vilikuwa vimeufukuza muziki wenye asili ya Weusi kwa makusudi. Mtakumbuka kisa cha Julai 12, 1979, katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, ambako santuri za disko zililipuliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Baada ya hapo redio za roki zilizidi kujifunga, na hata MTV ilipoanza mwaka 1981 ililaumiwa kwa kuwabana wasanii Weusi, mpaka Michael Jackson alipopenya kwa "Billie Jean" mwaka 1983.

Naomba nikupe mfano mmoja unaomhusu Clinton mwenyewe, maana huu unamaliza ubishi. Wimbo wake "Atomic Dog", uliotoka mwishoni mwa mwaka 1982, ulifika nambari 1 katika chati ya singo za Weusi mwaka 1983. Katika chati kuu uliishia nambari 101, yaani haukuingia kabisa katika zile 100. Wimbo ni mmoja, msanii ni mmoja, miezi ni ileile. Upande mmoja ni mfalme na upande wa pili hayupo. Kama chati hazikuongopa, basi zilisema ukweli kuhusu kuta zile, na si kuhusu uzuri wa wimbo.

Wanamuziki Weusi waliopenda roki waliumia zaidi kuliko hawa vijana, na tusiwasahau. Funkadelic walikwisha kuuliza swali hilo mwaka 1978 kwa wimbo mzima, wakihoji ni nani anayesema bendi ya fanki haiwezi kupiga roki. Mwaka uleule wa 1985, huko New York, mpiga gita Vernon Reid, mwandishi Greg Tate na Konda Mason walianzisha Black Rock Coalition, kwa sababu kampuni za santuri zilikuwa zikiwafungia milango wanamuziki Weusi wa roki. Na hapohapo Los Angeles, Fishbone, vijana Weusi waliochanganya fanki, panki na ska (muziki wa kucheza wenye asili ya Jamaika), walitoa kazi yao ya kwanza mwaka 1985 na Columbia, nao wakakutana na ukuta huohuo. Kwa hiyo kosa halikuwa la koo la Kiedis peke yake.

Kulikuwa pia na suala la wakati ndani ya fanki yenyewe. Kufikia mwaka 1985 fanki iliyouza ilikuwa ya mashine za ngoma na sintesaiza, nyembamba na yenye kung'aa. "Hollywood (Africa)" ilikuja na ngoma za mkono, pembe za pumzi na besi ya waya, kana kwamba mwaka 1974 haujaisha. Leo tunausifu ukale huo. Mkurugenzi wa kipindi wa mwaka 1985 aliuona kuwa ni kuchelewa.

Sasa ona kilichotokea baadaye. Mwaka 1989, katika albamu ya "Mother's Milk", kundi hili lilichukua tena wimbo wa Mweusi wa miaka ya sabini, safari hii "Higher Ground" wa Stevie Wonder wa mwaka 1973, likaupiga kwa gumba lilelile la Flea. Wimbo huo ulifika nambari 11 katika chati ya Billboard ya roki ya kisasa. Mbinu haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba chati hiyo ilianzishwa Septemba 1988. Mwaka 1985 haikuwepo. Na vituo vya vyuo vikuu na vituo vipya vya roki mbadala, ambavyo ndivyo chati hiyo ilivyovipima, vilikuwa vimekua vya kutosha kumfikia msikilizaji asiyejali kama anachosikia kinaitwa fanki au roki. Living Colour, bendi ya Vernon Reid, nayo ilipita katika ufa huohuo ikafika nambari 13 ya chati kuu mwaka 1989 kwa "Cult of Personality". Ukuta ulipotobolewa, walipita waliokuwa wamesubiri pande zote mbili.

Mchangiaji wa tatu:

Mfano wa "Atomic Dog" nimeupokea, sikuujua. Lakini singo ya mwaka 1987, "Fight Like a Brave", nayo ilianguka, na hiyo haikuwa na pembe wala ukale wowote. Hiyo unaielezaje?

Mleta mada:

Swali zuri. "Fight Like a Brave" ilitoka katika "The Uplift Mofo Party Plan", albamu pekee iliyopigwa na waasisi wote wanne, baada ya Jack Irons kurudi kwenye ngoma. Singo haikuingia chati, lakini albamu ilifika nambari 148, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi hili kuonekana katika orodha ya albamu 200. Ukiiweka katika mstari wa miaka, inathibitisha kwamba wasikilizaji walikuwa wakiongezeka kabla redio haijakubali. Hakukuwa na mwaka mmoja wa muujiza. Slovak alifariki Juni 1988 kwa heroini, akiwa na miaka 26, na Irons akaondoka, kwa hiyo wawili kati ya wale wanne hawakuwa kundini hadhira ilipofunguka. Naona uchungu kila ninaposikia watu wakisema kundi lilianza mwaka 1991, kwa sababu kauli hiyo inamfuta Slovak, ambaye gita lake ndilo John Frusciante alilolisoma kama kitabu kabla ya kuchukua nafasi yake.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, sijakubali kila kitu, lakini hoja ya kwamba hakuna kati yao aliyezaliwa Los Angeles imenifanya nitake kuusikiliza upya. Nianze wapi?

Mleta mada:

Anza na "Africa" ya The Meters kutoka "Rejuvenation", na usikilize ngoma tu, acha maneno kwanza. Irudie ukifuata besi ya Porter. Baada ya hapo nenda "Hollywood (Africa)" ya kwenye albamu, na usubiri pembe zinapoingia, kisha uangalie kama besi ya Flea inakuja mbele au inabaki nyuma. Kuna pia santuri ya inchi 12 yenye toleo refu la dansi, ambayo upande wake mwingine una "Nevermind". Toleo hilo refu lina faida kwa mpiga ala, kwa kuwa linakuachia muda wa kusikia kila chombo, na linaonyesha kwamba kampuni ilikuwa ikiilenga kumbi za dansi, jambo ambalo kwa wimbo huu naona lilikuwa na busara kuliko kuipeleka kwenye vituo vya roki. Ndugu yetu mpiga besi wa Dar es Salaam, nakuomba ukishasikiliza matoleo yote matatu uje utuambie ni wapi Flea amebadilisha mstari wa Porter, maana masikio yako yamezoea kazi hiyo kuliko yangu.